Shangazi Amondi na Jiwe la Katikati

Babu Otuoma aliliona lile jiwe akadhani ni dogo. Mambo yote yalianzia hapo, kwa hiyo na mimi naanzia hapo.

Ulikuwa mwaka 1993. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini habari hii nimeiuliza kwa watu wengi hadi wengine wakiniona wanabadilisha njia. Babu alikuwa fundi wa sakafu. Ukiingia kwenye nyumba ya zamani hapa Mwanza ukakuta sementi nyekundu inayong'aa mpaka unaona aibu kuikanyaga, huenda ni mkono wake. Mwalimu mmoja wa Kihindi, aliyekuwa anahama kuwafuata watoto wake Uingereza, alimwita siku moja akamwonyesha makasha matatu. Ndani kulikuwa na viatu vya magurudumu, jozi hamsini na mbili. Akamwambia, "Otuoma, mimi nina magurudumu, wewe una sakafu. Chukua."

Babu hakuwahi kuvaa kitu kama hicho maishani mwake. Ila alikuwa na kiwanja Kirumba, kwenye mteremko ulio juu ya soko la samaki la Mwaloni, mahali ambapo harufu ya dagaa hupanda na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Akaamua kumwaga sakafu ambayo Mwanza nzima ingekuja kuitelezea.

Jiwe lilikuwa katikati ya kiwanja, limetokeza kiasi cha sufuria iliyofunikwa. Babu akasema siku mbili tu litakuwa kokoto. Wakachimba pembeni, jiwe likashuka nao. Wakachimba zaidi, likatanuka. Wakaliwashia magogo mchana kutwa, kisha wakalimwagia maji baridi, kama wafanyavyo wapasua mawe wa hapa. Jiwe likatoa mlio mmoja, ta! Ufa ukatokea, mwembamba, ambao hadi leo haupitishi zaidi ya kidole. Jirani yetu Msukuma, mzee Ndalahwa, akawa anapita kila jioni kumcheka.

"Otuoma, hicho unachokichokoa ni kichwa cha kilima. Mwili wake uko Bugando!"

Mtoto yeyote wa Mwanza angemwambia hivyo. Lakini Babu alitoka Shirati, kwenye tambarare, na kwao jiwe unaloliona ndilo hilohilo, halina jingine chini. Mwisho akachoka, akamwaga sakafu kulizunguka. Ndiyo maana uwanja wetu haufanani na viwanja vya kwenye picha. Wetu ni duara lenye jiwe katikati. Watu huzunguka upande mmoja tu, wakiliweka jiwe kushoto kwao, saa nenda saa rudi. Kwenye ukuta wa getini Babu aliandika kwa rangi, UWANJA WA KUTELEZA OTUOMA NA WANAE. Jina hilo halijawahi kutumiwa na mtu. Watu husema, "Twende Jiweni."

Na juu ya jiwe hilo, miaka yote ambayo mimi nina akili, alikaa Shangazi Amondi.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki kilichokatwa miguu, filimbi shingoni, ufunguo wa uwanja umefungwa kwenye pindo la kanga. Toka pale juu aliona kila kitu: nani anasukuma wenzake, nani anateleza kinyume, nani amevaa jozi iliyolegea gurudumu. Ukitaka viatu vya magurudumu Jiweni unaacha kiatu chako cha kushoto kwenye rafu. Ni cha kushoto tu, cha kulia unakaa nacho. Alisema mtu mwenye kiatu kimoja hatoroki.

"Shangazi," Mashimba alikuwa akimpigia kelele kila akipita mbele ya jiwe, "hivi wewe kiatu chako cha kushoto kimewekwa wapi?"

Mashimba ni mpakiaji wa dagaa pale Mwaloni. Huja mchana, magamba ya samaki bado yamemganda mikononi, anazunguka nusu saa mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, halafu anarudi kazini.

"Teleza wewe, acha maneno," Shangazi alimjibu. "Harufu yako inanitosha."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, mpaka siku moja nilipowaza kwamba swali lenyewe halikuwa baya.

Shangazi alirudi kutoka kwenye ndoa mwaka 2006, akiwa na miaka ishirini na minne na binti yake Queen wa miaka mitatu. Mumewe, kule Musoma, alikuwa ameoa mwingine. Kwetu sisi Wajaluo binti aliyeolewa akirudi hajengewi nyumba ndani ya boma la baba yake. Hafukuzwi, ila hana mahali pake. Babu alikuna kichwa siku mbili, kisha akasema uwanja si boma, uwanja ni kazi. Akamsafishia stoo ya nyuma, ile ya makasha, akamwambia, "Kaa hapa kwa muda." Queen alikulia humo, akijifunza kuhesabu kwa namba zilizoandikwa visiginoni mwa viatu.

Babu alifariki miaka miwili baadaye. Bibi Ajwang akashika ufunguo, na mwaka uliofuata naye akalala. Uwanja ni wa mtoto wa kwanza, Baba mkubwa Kevin, ambaye yuko Dar es Salaam. Bibi alipoona hatainuka alimwita Amondi, akamfungia ufunguo kwenye pindo la kanga kwa mkono wake mwenyewe. Maneno aliyosema nimeyasikia mara nyingi, hayajawahi kubadilika hata kidogo: "Usimpe mtu. Mpaka Kevin aje, au mimi niamke."

Hakuamka. Na Kevin hakuja.

Baba mkubwa Kevin si mtu mbaya. Ana sauti nzuri sana kwenye simu. Kila Oktoba alituma ujumbe wa sauti, "Dada yangu, vumilia kidogo. Disemba hii nakuja, tutalimaliza." Disemba ilikuja yenyewe, bila yeye. Nilizaliwa miezi mitatu baada ya Bibi kuzikwa, na sasa nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu. Ukitaka kujua Kevin amesema "Disemba hii" mara ngapi, niangalie mimi.

Kwa nini asimpe ufunguo baba yangu, Okumu? Baba ndiye mdogo wao wa mwisho, ana duka la nyavu hapohapo Mwaloni, dakika kumi kwa miguu. Shangazi alishamwomba aushike kwa muda tu, kwa niaba ya Kevin. Baba huwa anarudi nyuma hatua moja kabisa, kama amewekewa nyoka.

"Dada, mimi mdogo. Nikishika cha Kevin kabla ya Kevin mwenyewe, si nitajitafutia chira?"

Chira ni ile laana inayomwandama mtu aliyevunja mila. Baba ni Msabato wa kwaya, ana tai tatu, anahubiri kwamba mambo hayo yalikwisha msalabani. Lakini chira anaiogopa kama mtoto anavyoogopa sindano.

Mtu anaweza kuuliza, kwani shida iko wapi, si afunge tu mlango aende zake? Nami niliuliza. Shangazi aliniangalia akasema, "Na sami nani atawafagia?"

Sami ni wale wadudu wadogo wa ziwani. Mwezi unapoandama huinuka majini wengi kiasi kwamba ukiwa mbali unadhani ziwa linaungua. Uwanja wetu una paa la bati lakini pembeni uko wazi, na ile sakafu inayong'aa huwavuta. Asubuhi unawakuta wamelala juu yake unene wa godoro la mtoto. Ni lazima wafagiliwe wakiwa wakavu, kabla jua halijawagusa, kwa fagio laini la chelewa. Jua likiwapata wanatoa mafuta, na mafuta yakiingia kwenye sementi hayatoki tena. Babu alimfundisha Amondi. Usiku gani watakuja hakuna anayejua, kwa hiyo kila siku saa kumi na moja alfajiri Shangazi alikuwa ameshika fagio, wadudu wawepo wasiwepo. Jumamosi hatufungui, ni Sabato, lakini sami hawaijui Sabato. Alifagia kwanza ndipo akaenda kanisani.

Basi ndivyo alivyokaa, miaka kumi na sita, bila kulala nje ya Jiweni hata siku moja. Queen alipoolewa Sengerema na kijana anaitwa Chenge, Shangazi hakwenda harusini. Alisema kivuko cha Kigongo kina foleni, atakwama ng'ambo, atalala huko, na je, sami wakija? Alituma mikeka mitatu na Baba akamwakilisha. Siku ya harusi alikaa juu ya jiwe kama kawaida, akapuliza filimbi kuliko kawaida. Watoto wanasema siku ile alimfukuza kila mtu aliyecheka.

Mwaka jana daraja likafunguliwa, Kigongo hadi Busisi, na foleni ikawa haipo tena. Queen akapiga simu mwishoni mwa Novemba. Nilikuwepo. Simu ya Shangazi ina spika mbovu, husikika kwa wote au isisikike kabisa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo linaendeleaje?"

"Daktari amesema wiki ya pili ya Disemba. Mama, unakuja?"

"Nitaangalia."

"Usiniambie utaangalia! Harusini uliniambia kivuko. Sasa hivi kuna daraja, gari halizimi hata injini. Mtoto wa kwanza, Mama. Wenzangu wote wanakandwa na mama zao siku arobaini, mimi nitakandwa na nani? Na mama mkwe nimwambie nini, eti mama yangu analinda sakafu?"

Viatu vya magurudumu vilikuwa vinanguruma pande zote.

"Usiponijia safari hii," Queen alisema, na sauti yake ilishuka, "huyu mtoto sitamleta huko Jiweni. Atakusikia kwenye simu tu, kama sisi tunavyomsikia Mjomba Kevin."

Akakata. Shangazi alipuliza filimbi, nadhani bila sababu, maana watoto wote walisimama na hakuna aliyejua amekosa nini.

Jioni ile alimpigia Kevin. "Disemba hii, Dada, Mungu akipenda." Akashuka Mwaloni kwa Baba. Baba akarudi nyuma ile hatua yake. Nilikuwa nimemfuata, nikamwona anavyopanda tena mlima, mkono mmoja umeshika pindo la kanga pale penye ufunguo. Aliupanda taratibu kama mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani, na kichwani hakuwa na kitu.

Sasa niseme jambo moja kuhusu mimi, kwa sababu bila hilo habari hii haiendi mbele. Shuleni ninaitwa Roza. Nyumbani jina langu ni Ajwang, la Bibi. Kwetu anayepewa jina la marehemu si kwamba anakumbusha tu; anakuwa yeye kwa kiasi fulani. Baba yangu huniita Mama. Akinikosea huniomba radhi kuliko anavyowaomba kaka zangu. Nilipokuwa mdogo nikivunja kitu, Shangazi aliinua fimbo halafu akaishusha, "Siwezi kumchapa mama yangu." Kaka zangu walichapwa kwa niaba yangu na hawajanisamehe.

Kwa hiyo, kesho yake, tukiwa tunapanga viatu rafuni, nikamuuliza tena maneno ya Bibi. Akayasema yaleyale. Nikamwambia:

"Shangazi, kwani mimi ni nani?"

"Wewe ni Roza mwenye maswali mengi."

"Nyumbani?"

Alinitazama. Kiatu cha kushoto cha mtu kilikuwa mkononi mwake, ndala ya bluu. Aliishika muda mrefu. Halafu akaiweka rafuni, akapanda juu ya jiwe, akanipa mgongo mpaka tunafunga. Nilidhani nimemuudhi.

Shule ilifungwa Ijumaa. Jumapili alfajiri alikuja kwetu, amevaa gauni la kanisani, mfuko begani. Baba alikuwa bado amelala. Aliniita uani. Akafungua pindo la kanga. Lilikuwa fundo gumu, alilifungua kwa meno. Halafu akapiga goti, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, mbele yangu mimi niliyevaa fulana ya kulalia yenye picha ya bata.

"Mama," akasema, "ulisema mpaka uamke. Umeamka. Pokea ufunguo wako."

Nilitaka kucheka. Nikaona hainuki, nikapokea kwa mikono miwili. Ulikuwa wa moto, wa joto la mwili wake.

Alinivisha filimbi. Akaniambia mambo ya kufanya, moja likaja mara tatu: "Fagia wakavu. Usimwage maji. Ukiwamwagia maji umewapika." Alipofika barabarani aligeuka, akarudi hadi getini, akaniambia hilohilo mara ya nne. Ndipo akaenda kupanda basi.

Siku mbili za kwanza nilijiona mkubwa. Nilikaa juu ya jiwe, nikapuliza filimbi, Mashimba akanisalimia, "Shikamoo, mwenye kilima!" Lakini siku ya tatu jambo la ajabu likaanza kunisumbua. Ukikaa pale katikati, watu wote wanapita mbele yako na hakuna anayebaki. Wanakuja kwa kasi, unaona uso, unaona mgongo, wanakuja tena. Rafiki zangu walinipungia mikono wakapita. Shingo ikaniuma kwa kugeuka. Nilitaka kushuka nizunguke nao, lakini rafu nani ataiangalia? Kuondoka kwenda ziwani na wenzangu, na ufunguo? Kwenda Magu kumsalimia bibi mzaa mama kama kila likizo? Mama yangu akaniuliza kama nitaenda, nikajikuta nimejibu, "Nitaangalia." Nilishtuka. Hilo halikuwa jibu langu.

Siku ya tano nilichelewa kuamka.

Nilipofika jua lilikuwa limeshapanda juu ya mapaa, na sakafu haikuonekana. Upande wote wa Mwaloni ulikuwa umefunikwa na sami, kama majani ya chai yaliyomwagwa, na tayari walikuwa wanameremeta. Nilishika fagio, wakapakaa. Nikafagia kwa nguvu, wakapakaa zaidi. Nilisikia mtu anapumua kwa kelele, kumbe ni mimi. Na hapo, nikijua kabisa, nikiwa nimeambiwa mara nne, nilichota ndoo ya maji nikamwaga. Halafu nikamwaga ya pili.

Mashimba alinikuta nimepiga magoti kwenye uji mweusi.

"Hee! Binti, unamsongea nani ugali?"

Nikaanza kulia. Akavua shati, akanisaidia kusugua. Tulitumia sabuni, mchanga, ndimu, majivu. Ilipofika mchana uji ulikuwa umetoka na doa limebaki, jeusi, pana kuliko chumba changu cha kulala, limekaa kwenye sakafu ya Babu Otuoma iliyong'aa miaka thelathini na mbili.

Jioni simu ikalia.

"Mama, habari za huko?"

"Nzuri, Shangazi. Queen?"

"Bado. Anatembea tembea hapa na tumbo lake. Sakafu?"

Niliangalia doa. Ningemwambia, angepanda basi la kwanza asubuhi. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Queen angejifungua peke yake, na sababu ingekuwa ndoo zangu mbili za maji.

"Safi, Shangazi."

"Walikuja?"

"Walikuja wachache. Nimewafagia wakavu."

Nimelelewa Kisabato na najua nilichofanya. Nilifanya hivyo kila jioni. Siku ya nane mtoto alizaliwa, wa kike, Dorotea. Shangazi ndiye aliyempokea mikononi mwa mkunga. Kwenye simu alikuwa anaongea haraka hata sikumtambua: mtoto ana vidole virefu, mtoto ana nywele hadi shingoni, mtoto amepiga chafya. Kwa mara ya kwanza alisahau kuuliza sakafu. Dakika kumi baadaye akapiga tena kuuliza.

Alirudi siku ya Jumapili, tarehe kumi na moja Januari, siku arobaini hazijaisha, maana kesho yake shule inafunguliwa. Alibeba mchele wa Sengerema na alikuwa amenenepa mashavu. Nilimwona getini kutoka juu ya jiwe. Alisimama. Macho yake hayakunitafuta mimi, yalikwenda chini moja kwa moja.

Alitembea mpaka kwenye doa, akainama, akalisugua kwa kidole gumba, akanusa.

"Ulimwaga maji."

"Ndiyo, Shangazi."

"Siku gani?"

"Ya tano."

Alihesabu kimoyomoyo, nikaona. "Na ulikuwa unaniambia safi."

"Ndiyo."

Mashimba akapita kwa kasi katikati ya doa, mikono nyuma. "Karibu, Shangazi! Mjukuu hajambo?" Watoto wanne wakapita nyuma yake, wameshikana viuno, wanapiga kelele. Hakuna aliyeanguka. Hakuna hata aliyetazama chini. Shangazi aliwaangalia wakizunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Kitu alichokiogopa miaka kumi na sita kilikuwa chini ya miguu yake, na watu walikuwa wanakitelezea.

Nilidhani atalia au atanichapa, jina la Bibi liwepo lisiwepo. Badala yake alipanda juu ya jiwe. Nikampisha. Akakaa kwenye kile kiti kisicho na miguu, akajinyoosha mgongo, mkono ukaenda kifuani kutafuta filimbi. Haikuwepo, ilikuwa shingoni mwangu. Akanyoosha kiganja.

"Lete ufunguo."

Alisema kama mtu anayeomba chumvi mezani. Kiganja chake kilikuwa kimeshajikunja nusu, tayari kuushika, na kwenye pindo la kanga nililiona lile kunjo la fundo, halijanyooka hata baada ya siku zote zile. Nikaona Disemba nyingine na nyingine, na Dorotea anaongea na bibi yake kwenye spika mbovu.

"Sikupi," nikasema.

"Roza, usinitanie. Nimechoka na safari."

"Amondi." Sijawahi kumwita hivyo. "Amondi mwanangu, mimi nimeamka. Ufunguo ni wangu. Nitampa ninayemtaka."

Nilishuka kwenye jiwe kabla ujasiri haujaniisha, nikatoka getini, nikashuka mlima kuelekea Mwaloni. Nilimsikia ananifuata, ndala zake zinapiga visigino, haniiti.

Baba alikuwa dukani anapima nyavu kwa mkono mbele ya wateja wawili, na mama mmoja muuza dagaa, Mama Teodora, Mjaluo wa kwetu Shirati aliyemjua Bibi vizuri, alikuwa amekaa kwenye ndoo anapumzika.

"Okumu," nikaita.

Aliinua kichwa, uso umekunjamana. "Nani huyo ananiita—"

"Mama yako. Nyoosha mkono."

Akauona ufunguo. Akarudi nyuma ile hatua yake, akagonga rafu ya nyavu.

"Roza, acha mchezo, kuna wateja."

"Siyo Roza. Ufunguo huu nilimpa Amondi, amenirudishia. Sasa nakupa wewe. Nyoosha mkono, Okumu."

Baba alimtazama dada yake nyuma yangu kama mtu anayeomba msaada. Shangazi alikuwa anauangalia ufunguo. Mama Teodora akapiga makofi mara moja.

"Ee Okumu! Kushika cha Kevin ni chira, sawa. Na kukataa mkono wa mama yako ni nini? Baraka?"

Wateja wakaangua kicheko. Baba alisimama pale, chira huku na chira huku, jasho likimtoka mbele ya nyavu zake. Nilimwonea huruma, ni baba yangu. Lakini mkono sikuushusha. Mwisho akavua kofia, akanyoosha mikono miwili, akafumba macho kana kwamba anamwagiwa maji ya baridi.

Siku hizi Jiweni hufunguliwa Jumapili na Jumatano mchana tu, maana siku nyingine Baba yuko kwenye nyavu. Anafagia akikumbuka. Doa limepata mdogo wake, upande wa rafu. Baba mkubwa Kevin alituma ujumbe wa sauti, safari hii si mzuri sana, kuuliza nani ametoa ruhusa. Baba akamjibu neno moja, "Mama," na Kevin hajajibu mpaka leo.

Shangazi alikaa nasi siku tatu akizunguka uani bila kujua aweke wapi mikono, halafu akarudi Sengerema. Wiki iliyopita nilimpigia Queen alfajiri, kabla ya kwenda shule. Nyuma ya sauti yake nilisikia kitu kinakwaruza, kinakwaruza, kinakwaruza.

"Ni Mama huyo," Queen alisema. "Kila siku saa kumi na moja. Amefagia uwanja wetu, anaingia mpaka kwa jirani. Huku ziwa liko mbali, hakuna hata mdudu mmoja. Nikimuuliza unafagia nini, ananiambia subiri jua litoke, utaona."

"Na likitoka?"

"Hatuoni kitu. Anaangalia chini, anaenda kumbeba mtoto. Kesho yake anaanza tena. Subiri, anataka simu."

Kukwaruza kukasimama.

"Mama," Shangazi alisema, anahema kidogo. "Niambie ukweli safari hii. Wamekuja?"

"Wamekuja, Shangazi. Wengi. Baba bado amelala."

Nilimsikia Dorotea akilia ndani, na Queen akimbembeleza. Kisha simu ikawekwa chini mahali fulani, kwenye ngazi labda, bila kukatwa, na fagio likaendelea.